Gati la Miaka Mitano

Tarehe 26 Julai 2021 nilikaa mbele ya skrini nikitazama tukio ambalo watu wengi hawakuwa na habari nalo. Chombo cha mizigo cha Progress MS-16 kilikuwa kinaondoka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na hakikuondoka peke yake. Puani kilikuwa kimeng'ang'ania Pirs, moduli ndogo ya Warusi (moduli ni chumba kimoja kati ya vile vinavyounganishwa kuunda kituo), urefu wake kama mita tano na uzito wake tani tatu na nusu hivi. Siku zote Progress hujifungua kutoka kwenye moduli na kuiacha mahali pake. Safari hii kulabu zilizofunguka zilikuwa za upande wa pili, zile zilizoifunga Pirs kwenye moduli ya Zvezda tangu Septemba 2001. Vikajitenga polepole, kimya kabisa, Dunia ikiwa chini yao. Saa chache baadaye vyote viwili viliingia kwenye angahewa juu ya Pasifiki vikateketea.

Kwa Kirusi, pirs ni gati. Jina halikuzunguka: kazi yake ilikuwa kupokea vyombo vinavyokuja na kuviaga vinavyoondoka, na pia kuwa chumba cha kutokea nje kwa wanaanga waliovaa Orlan, mavazi ya Kirusi ya kutokea nje. Ilisanifiwa ihudumu miaka mitano. Ilihudumu karibu ishirini.

Tangu siku ile swali limenikaa kichwani. Miaka mitano ile ilikuwa ya nini hasa? Kama chuma kilikuwa na uwezo wa kukaa ishirini, nani alisema mitano, na kwa nini? Na kama kweli mitano ndiyo iliyokuwa ahadi, ilikuwaje watu wakaendelea kupita kwenye milango ile kwa miaka kumi na mitano ya ziada, uhai wao ukiwa umeshikwa na mpira wa kuzuia hewa? Nimesoma mengi kuhusu jambo hili, na nimefika mahali ninapoamini kwamba umri unaoandikwa kwa gati la angani hausemi sana habari za gati lenyewe. Unasema habari za mrithi wake, yule anayetarajiwa kuja kulipokea.

Lakini kwanza tulione gati likiwa kazini, maana uchovu wake unatokana na kazi hiyo.

Soyuz, chombo cha Kirusi cha kubeba watu, au Progress inapokaribia, mita za mwisho huziendea taratibu kuliko mtu anayetembea. Mbele yake imechomoza fimbo. Kwenye gati kuna shimo kubwa lenye umbo la faneli. Ncha ya fimbo ikigusa popote ndani ya faneli ile, mteremko wake unaisukuma kuelekea katikati, hadi inaingia kwenye tundu la chini na kunaswa. Hapo chombo kimeshikwa, lakini kinachezacheza bado. Fimbo hurudi nyuma pole pole ikikivuta, mpaka pete mbili nene za chuma, moja ya chombo na nyingine ya gati, zinakutana uso kwa uso. Kulabu zilizopangwa kuzunguka pete zinashikana na kukaza, na mipira ya kuzuia hewa inabanwa katikati. Kisha watu wanasubiri. Shinikizo la hewa linapimwa na kupimwa tena, kuhakikisha hakuna inayovuja, kabla mtu hajaruhusiwa kufungua mlango.

Mlango huo una upana wa sentimita 80 tu. Ndani kuna hewa kama hii tunayoivuta, nje hakuna kitu. Ukipiga hesabu, hewa inausukuma mlango mmoja wa upana huo kwa nguvu inayolingana na mzigo wa tani tano. Unapofunguliwa baada ya chombo kuunganika, wanaanga wengi wanasema hupokelewa na harufu ya ajabu iliyobaki kwenye nafasi ile ndogo iliyokuwa wazi kwa anga muda mfupi uliopita. Mmarekani Don Pettit aliifananisha na moshi wa kuchomelea vyuma. Ninaipenda sana habari hiyo. Inanikumbusha kwamba hapa ndipo mahali pekee ambapo ndani na nje hugusana.

Sasa rudia kazi hiyo mwaka baada ya mwaka. Kila chombo kinachofika kinalitikisa gati, na kila kinachoondoka kinalisukuma. Kila mara wanaanga wanapotoka nje, hewa ya chumba inatolewa na baadaye kurudishwa, na kuta zinapumua kama kifua. Kituo kinaizunguka Dunia karibu mara 16 kwa siku: juani ngozi ya chuma inapanda zaidi ya nyuzi joto 100, kivulini inashuka zaidi ya 100 chini ya sifuri. Kwa umri wake wote Pirs ilipashwa moto na kupozwa hivyo zaidi ya mara laki moja. Ongeza chembe za vumbi na mabaki ya vyombo vinavyopita kwa kasi ya kutisha. Mpira unakakamaa, ufa mdogo usioonekana kwa jicho unaanza kwenye kona ya ungio la kuchomelea, na chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa hatimaye kinachoka. Wahandisi wanaliita jambo hilo uchovu wa chuma.

Kwa hiyo mhandisi anapoandika miaka mitano, hatabiri siku ya kufa. Anatoa dhamana. Anasema: kwa mizigo niliyoihesabu na majaribio niliyoyafanya hapa chini, naweza kukuhakikishia muda huu, pamoja na akiba ya kutosha juu yake. Muda ukiisha, dhamana ndiyo iliyoisha. Chuma bado kipo, ila sasa mtu lazima akae upya na hesabu, atazame kumbukumbu za mizigo halisi iliyopita, apime, akague, kisha aweke sahihi kwenye karatasi mpya. Kiini cha kituo cha Mir kilirushwa Februari 1986 kikiwa na umri wa miaka mitano kwenye karatasi, kikakaa angani hadi Machi 2001. Zarya, moduli ya kwanza kabisa ya kituo cha sasa, ilirushwa Novemba 1998 ikiwa imepewa miaka 15. Hesabu mwenyewe. Hakuna aliyezembea katika hayo. Lakini kila sahihi mpya inakula sehemu ya ile akiba iliyowekwa kwa ajili ya lile lisilojulikana, na mimi hilo silipokei kwa wepesi.

Pirs ilikusudiwa iondoke kumpisha mrithi aliye mkubwa zaidi. Baadaye ikaamuliwa kwamba mrithi huyo awe Nauka, maabara ya tani 20 ambayo ilianza maisha yake miaka ya 1990 kama nakala ya akiba ya Zarya. Ilipangwa irushwe mwaka 2007. Mwaka ukafika ukapita. Mwaka 2013 ulikutwa uchafu kwenye mfumo wake wa mafuta, na kusafisha mabomba na matangi ya chombo ambacho tayari kimeshaunganishwa ni kazi ya kuvunja moyo. Nauka ikaendelea kukaa ardhini, na kule juu Pirs ikaendelea kupokea wageni. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pirs ilipewa jembe, ikalima miaka ishirini.

Kuna habari mbili za kungoja huko ambazo haziniondoki.

Ya kwanza ni ya mwaka 2012. Juu ya Pirs zilifungwa winchi mbili ndefu za mkono, zinaitwa Strela, ambazo wanaanga walizitumia kusogezea mizigo na kusogea wenyewe wakiwa nje. Februari mwaka huo moja ikahamishiwa Poisk, moduli pacha iliyofika mwaka 2009. Agosti, ya pili ikahamishiwa Zarya. Zilihamishwa kwa sababu Pirs ilikuwa inaondoka karibuni. Mtu ameshaanza kutoa vyombo nyumbani, amefunga mizigo, halafu gari la kumchukua likachelewa miaka tisa. Na kwa miaka mingi ya kungoja huko watu waliendelea kutokea nje kupitia milango ile ile.

Ya pili ni ya Rassvet. Moduli hiyo ya Warusi ilipelekwa na Atlantis, chombo cha Shuttle cha Wamarekani, Mei 2010, nayo ni gati pia. Ubavuni ilibeba vitu ambavyo havikuwa vyake: rejeta ya kupozea joto na chumba kidogo cha kutokea nje, vyote vya Nauka, vikatangulizwa kumngoja mwenyewe. Vilining'inia pale miaka 13, juani na kivulini. Aprili na Mei 2023 Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin walitoka nje kuvihamishia Nauka kwa msaada wa mkono wa roboti. Oktoba mwaka huo huo rejeta ile ikaanza kuvuja. Sitadai kwamba miaka 13 ya kungoja ndiyo iliyoiharibu. Ila kila nikisoma habari za ratiba kusogezwa mbele, mimi huiona rejeta ile imening'inia, inazeeka kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Hatimaye, tarehe 21 Julai 2021, Nauka ikarushwa kwa roketi ya Proton kutoka Baikonur. Na hapa ndipo kulipotokea jambo lililoninyima usingizi wiki nzima. Kuna msemo, usiache mbachao kwa msala upitao. Mrithi hawezi kufika mpaka mtangulizi ameondoka, kwa kuwa sehemu ni moja. Lakini mtangulizi akishaondoka harudi. Mara baada ya kurushwa Nauka ilipata matatizo ya injini, ikabidi itumie injini za akiba kupandisha obiti yake. Kama Pirs ingeng'olewa kisha Nauka ishindwe kufika, Warusi wangebaki na tundu tupu mahali palipokuwa na gati zima. Ng'oa ng'oa ilipangwa tarehe 23. Wakaisogeza hadi 26, walipoona mrithi anaelekea kufika kweli.

Pirs yenyewe ilikuwa imeandaliwa muda mrefu. Novemba 2020 Sergey Ryzhikov na Sergey Kud-Sverchkov walitokea nje kupitia Poisk, mara ya kwanza Poisk kutumika hivyo, wakaanza kukata uhusiano wa Pirs na kituo. Juni 2021 Oleg Novitsky na Pyotr Dubrov wakamalizia. Nyaya zikachomolewa. Vilivyofaa vikatolewa, takataka zikapakiwa ndani, mlango ukafungwa. Fikiria kuufunga mlango ule kwa mara ya mwisho. Kupitia Pirs ndiko lilikotolewa vazi kuukuu la Orlan lenye redio ndani yake mwaka 2006, likaachwa lielee peke yake likitangaza ujumbe kwa wapenzi wa redio duniani. Mwaka huo huo Mikhail Tyurin alitoka hapo akapiga mpira wa gofu kuelekea angani. Gati linakusanya maisha ya watu, hata kama kwenye karatasi ni kipande cha muda tu.

Nauka ilifika tarehe 29. Kama saa tatu baada ya kuunganika, injini zake zikawaka zenyewe na kuanza kukizungusha kituo kizima, watu saba wakiwa ndani. Injini za Zvezda na za Progress nyingine zilivutana nayo mpaka ikatulia, lakini kituo kilikuwa kimeshageuka mzunguko mmoja na nusu, nyuzi 540. Pete, kulabu na mipira ile ile niliyoieleza hapo juu ndiyo iliyobeba mvutano wote huo, ikiwa na umri wa saa tatu tangu ishikane.

Miezi minne baadaye kulifanyika mabadiliko mengine ambayo karibu hayakuandikwa popote, na mimi nayaona mazuri kuliko yote. Chini ya Nauka kulikuwa na kiunganishi cha muda. Tarehe 25 Novemba 2021 Progress MS-17 ilikichukua ikaondoka nacho, na kesho yake ikafika Prichal, tufe la tani nne lenye magati sita. Prichal nayo kwa Kirusi ni gati. Kile cha muda kilikuwa cha muda kweli. Kilikuja na siku yake ya kuondoka, na mrithi akafika ndani ya siku mbili.

Wamarekani wamelishughulikia jambo hili kwa njia nyingine kabisa, na nadhani wengi hawaielewi. Wao hawakung'oa gati. Walilivisha. Tangu mwaka 1998 kituo kina viunganishi vyeusi vyenye umbo la koni iliyopinda, vinaitwa PMA, vilivyopokea vyombo vya Shuttle. Pete zake zinafuata mtindo ambao mizizi yake ni kazi ya mhandisi Vladimir Syromyatnikov kwa ajili ya kukutana kwa Apollo na Soyuz mwaka 1975. Shuttle ziliposimama mwaka 2011, PMA-2 ikabaki haina mgeni. Vyombo vipya vilikuwa vinakuja na pete za kipimo kipya cha kimataifa. Basi kikatengenezwa kiunganishi cha IDA, kama nusu tani uzito na zaidi kidogo ya mita moja kimo, kivishwe juu ya pete ya zamani.

IDA ya kwanza ilipotea Juni 2015, roketi iliyoibeba ilipovunjika dakika chache baada ya kuruka. Ya pili ilifika Julai 2016, na mwezi uliofuata Jeff Williams na Kate Rubins wakaifunga kwenye PMA-2. Kufidia ile iliyopotea ilijengwa ya tatu, sehemu kubwa kutokana na vipuri vilivyokuwa ghalani, ikafungwa kwenye PMA-3 Agosti 2019 na Nick Hague na Andrew Morgan. Vipuri! Mtu fulani, miaka kadhaa nyuma, alikubali kulipia vitu ambavyo pengine visingetumika kamwe. Bila yeye gati la pili lingechelewa zaidi. Ningependa kumshika mkono mtu huyo.

Hapo ndipo ninapotaka kufikia. Pirs iliweza kung'olewa kwa sababu ilijengwa ikiwa kitu kinachojitegemea, chenye kulabu za kuifungua. IDA iliweza kuvishwa kwa sababu PMA ilikuwa tayari kipande tofauti. Sasa tazama Zvezda. Nyuma yake kuna kijichumba cha kupitia kinachoelekea kwenye gati la mkiani. Warusi hukiita PrK. Mwaka 2019 kijichumba hicho kilianza kuvuja hewa. Nyufa zimetafutwa na kuzibwa, na uvujaji ukaendelea. Aprili 2024 ulifika kilo 1.7 hivi kwa siku, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo. Warusi walishuku uchovu wa chuma utokanao na mitetemo midogo midogo. Wamarekani walitaja shinikizo, mikazo iliyobaki kwenye chuma tangu kilipoundwa, na hali ya chuma chenyewe. Hawakukubaliana.

Na kijichumba hicho hakitoki. Si moduli, ni mwili wa Zvezda, umechomelewa pamoja na nyumba. Hakuna Progress inayoweza kukibeba puani na kwenda kukichoma juu ya Pasifiki, wala Nauka inayoweza kukirithi. Kilichobaki ni kufunga mlango wake, na kuufungua pale tu chombo kilichoko nyuma kinapohitaji kupakuliwa. Ikilazimu ufungwe moja kwa moja, upande wa Warusi utabaki na magati matatu badala ya manne.

Ndiyo maana nikisikia watu wakiicheka Pirs kwa jinsi miaka mitano ilivyogeuka ishirini, moyo unaniuma. Waliosanifu Pirs walifanya lile lililo gumu zaidi: walijenga kitu wakijua kwamba siku moja kitatolewa, wakakiachia njia ya kutokea. Sehemu inayochoka kuliko zote isiwe sehemu ya mwili. Iwe kama kiatu, si kama mguu. Prichal ilizaliwa na wazo linalokwenda mbali zaidi ya hapo. Katika mipango ya Urusi ya wakati ule ilikusudiwa iwe kitovu cha kituo cha baadaye, yenyewe ibaki, na vyumba vinavyofungwa pande zake zote vije na kuondoka kila kimoja kwa umri wake. Gati ndilo linakuwa nyumba, na nyumba zinakuwa wageni. Mipango imebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini wazo lile sijaweza kulisahau.

Kituo kizima nacho kina tarehe yake. Mpango ni kukitumia hadi mwaka 2030, kisha kukishusha baharini. Juni 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, iliipa kampuni ya SpaceX mkataba wa hadi dola milioni 843 kujenga chombo cha kazi hiyo moja tu. Chombo hicho kimepangiwa gati la mbele, kwenye moduli ya Harmony. Hapo ndipo ilipo PMA-2, ile iliyorushwa Desemba 1998, ikahamishiwa mbele ya moduli ya Destiny mwaka 2001, ikahamishiwa Harmony mwaka 2007, ikavishwa IDA mwaka 2016. Imepokea Shuttle hadi ya mwisho, na Machi 2019 ikapokea Crew Dragon ya kwanza, chombo cha SpaceX cha kubeba watu. Chombo kile kitakuja taratibu kama vingine vyote vilivyokuja kabla yake, pete zitakutana, kulabu zitakaza, mtu atapima hewa kuona kama inavuja. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha ya gati lile, hakuna atakayeandika tarehe ya kujitenga.